Kumvua Farasi Chuma: Mwaka wa Kuujenga Ukwato Upya

Kung'oa kiatu cha chuma kwenye ukwato wa farasi ni kazi ya dakika chache. Fundi hunyoosha ncha za misumari zilizokunjwa, huingiza koleo chini ya kisigino, hulegeza upande mmoja kisha mwingine, na chuma hudondoka. Kazi inayobaki baada ya hapo ni ya takriban mwaka mzima, kwa sababu ukuta wa ukwato hukua milimita 6 hadi 10 tu kwa mwezi, na sehemu inayochipuka leo kwenye ukingo wa nywele itachukua miezi 9 hadi 12 kufika ardhini kwenye ncha ya mbele. Wengi wanaojaribu kumwachisha farasi viatu hukata tamaa katika miezi ya mwanzo, humrudishia chuma, na kuondoka na imani kwamba farasi wao si wa aina inayoweza kutembea bila viatu. Nina hakika kwamba wengi wa farasi hao wangeweza, kama wangepewa muda na kama katika muda huo miguu yao ingelindwa isiume.

Farasi wangu, Tausi, ni jike wa damu ya Thoroughbred, yaani farasi wa mbio, aliyekimbia katika uwanja wa Ngong, Nairobi, kabla ya kustaafishwa na kuletwa kwetu upande wa Nanyuki, ambako Mlima Kenya unateremka kuelekea tambarare ya Laikipia. Kama ilivyo desturi ya farasi wa mbio, alianza kupigiliwa viatu akiwa bado mdogo, katika umri ambao mifupa na gegedu za miguu yake zilikuwa zingali zinajengeka. Aliponifikia, kwato zake za mbele zilikuwa na sura ambayo yeyote aliyewahi kuwatunza wastaafu wa mbio ataitambua mara moja: ncha ndefu iliyokimbilia mbele, visigino vilivyolala na kubanana, unyayo bapa usiokuwa na bonde, na ukuta uliotoboka matundu ya misumari hata fundi akawa hapati mahali pazuri pa kupigilia mwingine. Viatu vyake vililegea kabla ya muda wa kubadilishwa, na kila kilichong'oka njiani kiliondoka na kipande cha ukuta. Sababu yangu ya kuanza ilikuwa hiyo tu. Sikuwa na ugomvi na chuma chenyewe. Farasi wangu alikuwa anaishiwa na ukwato wa kukishikilia.

Inafaa kuunyanyua mguu na kuutazama kwa chini, kwa maana bila picha hiyo mengine yote hayatakuwa na maana. Ukingo wa nje ni ukuta, ile sehemu ngumu tunayoiona hata farasi akiwa amesimama. Ndani yake kuna mstari mweupe unaouunganisha ukuta na unyayo, kisha unyayo wenyewe, ambao kwa farasi mwenye miguu mizuri huwa na unene wa kama milimita 15 chini ya mfupa wa mwisho wa mguu, ingawa kwa Thoroughbred wengi waliovaa chuma maisha yao yote haufiki hata milimita 10. Upande wa nyuma, kati ya visigino viwili, ipo sehemu ya pembetatu inayobonyea na kurudi kama mpira. Hapa nitaiita pembetatu tu. Juu yake, ndani kabisa ambako jicho halifiki, kuna mto wa kisigino uliofanyika kwa nyuzi, mafuta na gegedu. Farasi anapotua kwa kisigino, pembetatu hukandamizwa, visigino hupanuka kidogo, na mtandao wa mishipa myembamba ya damu ulio sehemu hiyo husaidia kukivunja kishindo kabla hakijapanda kwenye mifupa. Robert Bowker wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, ambaye ameichunguza sehemu hii ya nyuma kwa miaka mingi, ameeleza kwamba mto huo na gegedu za pembeni yake hujengeka kwa kutumika. Farasi anayetembea sana na kuikanyagia sehemu hiyo huwa nayo nene na imara. Asiyeitumia hubaki nayo nyembamba.

Kiatu cha chuma huuweka uzito mwingi juu ya ukingo wa ukuta na kuuinua unyayo na pembetatu kutoka ardhini, na misumari hupunguza uhuru wa visigino kupanuka. Chuma hakikubuniwa na wajinga. Kilienea Ulaya katika Zama za Kati kwa sababu farasi wa kazi walikuwa wakitembezwa kwenye ardhi yenye unyevu na barabara za mawe, na ukwato uliliwa haraka kuliko ulivyoweza kukua. Hata leo wapo farasi ambao kazi yao inawadai chuma. Ninachokilalamikia ni kwamba chuma humwezesha farasi kutembea vizuri juu ya mguu usio mzuri. Unyayo mwembamba usiogusa jiwe hauumi, na kwa kuwa hauumi, mwenye farasi haoni sababu ya kuutazama. Mguu unaweza kudhoofika miaka mingi chini ya kiatu kinachong'aa. Siku chuma kinapoondolewa, farasi huanza kuchechemea, na watu husema kuondolewa kwa chuma ndiko kulikomharibu.

Jambo ambalo ningependa kila mwenye farasi alitazame kabla ya kufanya lolote ni namna mguu unavyotua. Mtembeze farasi kwenye ardhi tambarare na ngumu, mtu mwingine amwongoze kwa kamba, nawe uchuchumae pembeni na kumpiga picha ya video kwa simu, mwendo ukipunguzwa kasi. Farasi mwenye miguu mizuri hutua kwa kisigino, au kwa unyayo wote kwa pamoja. Farasi ambaye nyuma ya ukwato wake kunauma, au ni dhaifu, hutua kwa ncha: hutanguliza sehemu ya mbele na kukilaza kisigino baadaye, kwa uangalifu. Tofauti hiyo ni ndogo sana kwa jicho la kawaida, lakini kwenye video ya polepole huonekana wazi, na ukishaiona huwezi tena kumtazama farasi yeyote akitembea bila kuitafuta.

Hapo ndipo ugumu wote wa safari hii ulipo. Mto wa kisigino hujengeka pale farasi anapotua kwa kisigino, lakini farasi ambaye kisigino chake kinauma hukikwepa, na kwa kukikwepa hukinyima kitu pekee kinachoweza kukiponya. Ukimwacha peku juu ya mawe katika hali hiyo, atatembea kwa ncha mwezi baada ya mwezi, hatua fupi, mabega yamekaza, na mguu hautabadilika hata kidogo, kwa sababu kinachoubadilisha hakitokei kamwe.

Saisi wetu, mzee aliyeanza kazi za mabanda tangu ujana wake, hakukubaliana nami hata kidogo siku zile za mwanzo. Aliniambia, "Mama Neema, mwache azoee. Punda wa Lamu hawana viatu na wanabeba mawe ya kujengea." Nilimjibu, "Ni kweli, Mzee wangu, lakini punda yule alizaliwa akikanyaga mawe. Huyu alizaliwa akikanyaga majani makavu ya banda." Punda wa Lamu hutembea katika vichochoro vya mji tangu akiwa mtoto nyuma ya mama yake, na hata kwa maumbile ukwato wa punda husimama wima kuliko wa farasi. Kumchukua mnyama aliyesimama bandani sehemu kubwa ya maisha yake na kumtaka akanyage changarawe kali kwa sababu punda anaweza ni kumdhulumu. Fikra hii ya kwamba maumivu humkomaza farasi nimeikuta kwa watu wengi, wenye elimu na wasio nayo, na sijaona faida yake kwa farasi hata mmoja.

Kwa hiyo tulimtafutia Tausi mabuti ya kwato. Wazo la kumvalisha farasi kitu cha kufunga na kufungua ni la kale kuliko wengi wanavyodhani, kwani Warumi walikuwa na sandali za chuma walizozifunga kwenye kwato kwa kamba au ngozi. Buti la kisasa lilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1970, pale Neel Glass alipobuni Easyboot, na kwa muda mrefu wapanda farasi walilibeba kama tairi la akiba, la kutumiwa chuma kinapong'oka porini. Siku hizi ziko aina nyingi, kutoka Marekani, Kanada, Australia na Ulaya, za plastiki ngumu au mpira, nyingine zikifungwa kwa waya, nyingine kwa mikanda. Madukani kwetu sijawahi kuyakuta. Hununuliwa nje, na gharama ya kuyasafirisha na ushuru hufanya kosa la kipimo kuwa kosa ghali. Pima urefu na upana wa ukwato kwa milimita, siku ileile uliyokatwa, kwato zote mbili, maana ni nadra kulingana. Ukipima wiki kadhaa baada ya kukatwa, utaagiza buti kubwa, litakalozunguka mguuni farasi anapokimbia na kumchubua nyuma ya kisigino.

Tulimvalisha miguu ya mbele tu, ambayo hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa farasi na ndiyo iliyokuwa na shida. Ndani ya kila buti tuliweka pedi ya sponji ngumu yenye unene wa milimita 12, na nataka kuieleza vizuri pedi hii kwa sababu watu wengi huiruka. Buti peke yake hulinda unyayo dhidi ya jiwe. Pedi huijaza nafasi iliyo chini ya unyayo na pembetatu, ikaisukuma sehemu ya nyuma kwa upole kila hatua, kwa nguvu ambayo ardhi ngumu ingeileta kwa maumivu. Video niliyopiga Tausi akiwa peku ilimwonyesha akitua kwa ncha. Nilipompiga nyingine siku hiyohiyo, akiwa na mabuti na pedi, alitua kwa unyayo wote na kurefusha hatua. Nilimwonyesha Mzee zote mbili kwenye simu. Aliziangalia kwa muda mrefu, akanirudishia simu, na tangu siku hiyo ndiye amekuwa mkali kuliko mimi kuhusu kufunga mikanda sawasawa.

Buti lina taabu zake, na ni vema zijulikane mapema. Udongo mweusi unaonata wa Laikipia wakati wa mvua unaweza kulivua buti na kulibakiza topeni bila mpandaji kujua hadi afike mbali. Mchanga ukiingia kwa juu husaga ngozi laini ya nyuma ya kisigino, kwa hiyo tulilazimika kuyafungua na kuyasafisha katikati ya safari ndefu. Tena, ukwato unapobadilika sura, buti lililokaa vizuri mwanzoni hulegea au hubana, na inambidi mtu awe tayari kubadilisha ukubwa. Buti pia si la kuvaliwa usiku na mchana. Unyevu unaobaki ndani hulainisha unyayo na kuwapa bakteria mazingira wanayoyapenda. Tausi alivaa mabuti alipotoka kufanya kazi au kupita kwenye mawe, na malishoni, ambako ardhi ni laini, alibaki peku.

Karibu na birika lake la maji tulimwaga changarawe za mviringo kutoka mtoni, ili kila alipokwenda kunywa alazimike kuzikanyaga kwa muda mfupi kwa hiari yake. Ziwe za mviringo kwelikweli. Kokoto za kuvunjwa zinazouzwa kwa ujenzi zina ncha na zitamwumiza. Ushauri huu una umri mkubwa. Xenophon, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, ambaye watu wake hawakuwapigilia viatu farasi wao, alishauri mikokoteni minne au mitano ya mawe ya mviringo ya kujaa mkono imwagwe mahali farasi anaposuguliwa, ili kila siku awe kama anayetembea katika njia ya mawe hata akiwa amesimama nyumbani.

Kuhusu kukata kwato nitasema machache. Tulikata kila baada ya wiki 4, kidogo kidogo, tukitumia tupa zaidi ya koleo, tukiuvuta nyuma ule urefu wa ncha na kuviringisha ukingo wa ukuta ili usipasuke. Unyayo haukuguswa kwa kisu. Fundi aliyezoea kuandaa mguu kwa ajili ya chuma hupenda kuuchonga unyayo hadi uonekane safi, na kwa farasi anayevaa kiatu jambo hilo halimdhuru sana, lakini kwa anayetembea peku kila milimita inayochongwa ni kinga anayonyang'anywa. Ukipata fundi anayekuelewa, mshike.

Kuna jambo ambalo watu hawatarajii kulisikia katika mazungumzo ya kwato, nalo ni chakula, ingawa kwa maoni yangu lina uzito kuliko buti na tupa kwa pamoja. Ukuta wa ukwato umeshikamana na mfupa kwa tabaka nyembamba za nyama zilizofumana, na tabaka hizo huathirika sana farasi anapokula sukari na wanga kupita kiasi. Farasi hahitaji kuugua hadi ashindwe kusimama ndipo tabaka hizo ziwe zimedhurika. Uvimbe mdogo tu hutosha kumfanya ahisi kila jiwe, na mwenye farasi akadhani tatizo ni kukosa viatu. Chakula cha mbio chenye nafaka nyingi na molasi tulikiacha, tukampa nyasi kavu za boma Rhodes kwa wingi, lusani (alfalfa) kidogo, chumvi, na madini yenye shaba na zinki, ambayo ni muhimu katika kutengeneza ukwato mgumu. Majani mabichi yanayochipuka baada ya mvua za Aprili huwa na sukari nyingi, hasa alasiri baada ya jua kali, kwa hiyo majira hayo alipelekwa malishoni alfajiri na kurudishwa bandani mapema.

Mvua ilituletea pia kuoza kwa pembetatu, ule ugonjwa unaotambulika kwa harufu kabla ya macho, wenye uchafu mweusi katika mifereji ya pembeni na ufa mwembamba katikati ya visigino. Farasi mwenye ufa huo huumia kila anapotua kwa kisigino, na hivyo hurudi kutua kwa ncha, na kazi yote husimama. Tulikuwa tukisafisha mifereji hiyo kila siku kwa brashi, tukaikausha, tukajaza pamba yenye dawa aliyotuelekeza daktari wa mifugo. Sidhani kuna sehemu ya kazi hii inayodharauliwa kama hii, na sidhani kuna inayolipa haraka hivi.

Wapo wanaosema kwamba hayo yote ni sawa kwa farasi wa kutembelea tu, ila farasi wa kazi kweli hawezi kuishi bila chuma. Mashindano ya Tevis Cup huko California, yaliyoanza mwaka 1955, humtaka farasi apite milima ya Sierra Nevada kwa kilomita 160 ndani ya siku moja, juu ya mawe ambayo ninyi na mimi tungeyapita kwa tahadhari. Mwaka 2012 Garrett Ford aliyashinda akiwa na farasi The Fury, aliyevaa mabuti ya kubandikwa kwa gundi. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, timu ya Uswidi ilitwaa dhahabu ya kuruka vikwazo, na wawili kati ya farasi wake watatu, All In wa Peder Fredricson na King Edward wa Henrik von Eckermann, waliruka bila viatu vyovyote. Hao ni farasi wanaotunzwa na wataalamu kila siku, na sidai kwamba kila farasi atafika walipofika. Nawataja kwa sababu wanaifuta ile kauli kwamba maumbile ya farasi hayaruhusu.

Kwa Tausi, dalili ya kwanza ilionekana juu kabisa, chini ya ukingo wa nywele, ambako ukuta mpya ulianza kushuka kwa mteremko ulio wima zaidi kuliko ule wa zamani, na kati yao ukatokea mstari unaoonekana kwa jicho. Kadiri miezi ilivyopita mstari huo uliteremka, matundu ya misumari yakateremka mbele yake, hadi yote yakakatwa kwa tupa. Visigino viliachana, pembetatu ikanenepa na kugusa ardhi, na unyayo ukaanza kuwa na bonde. Eksirei aliyopigwa mwishoni na daktari mwenye mashine ya kubebeka ilionyesha unyayo mnene kuliko ile aliyopigwa kabla ya chuma kutolewa, na mfupa umekaa vizuri zaidi ndani ya ukwato.

Eksirei ile ya kwanza naisisitiza kwa kila anayeniuliza. Farasi aliyewahi kupata uvimbe mkali wa kwato, au anayechechemea kwa sababu isiyojulikana, asivuliwe chuma kabla daktari hajaona ndani, kwa kuwa wengine miongoni mwao chuma kilichotengenezwa maalumu ndicho kinachowasimamisha. Na ikiwa farasi wako anafanya kazi ya kila siku inayolipia shule ya watoto, kama wale wa kupandisha wageni, usianze katikati ya msimu wa kazi. Anza pale anapoweza kupumzishwa, au uwe na mabuti yanayomkaa kabla fundi hajashika koleo.

Tausi sasa anatembea peku kwenye nyasi, kwenye mchanga na kwenye barabara ya murram iliyoshindiliwa. Katika njia ya mawe makali tunayoipita kuelekea mtoni bado namvalisha mabuti ya mbele, siku hizi bila pedi, na nitaendelea kumvalisha maadamu video inaonyesha kwamba akiwa peku pale hatua yake inafupika. Mzee anapendekeza tujaribu bila mabuti baada ya mvua za vuli, ardhi ikishakauka. Nimemwambia tutatazama anavyotua, ndipo tuamue.